Konokono wa Ukingo wa Jaruba: Utangulizi

Vitabu vya kilimo cha mpunga humtaja konokono katika sura ya wasumbufu, kati ya panya na kweleakwelea. Vitabu vya afya humtaja katika sura ya kichocho. Kote kuwili anayezungumziwa ni konokono wa majini, na msomaji akifunga kitabu atadhani shamba la mpunga ni maji matupu. Aliyewahi kupita katikati ya majaruba anajua kwamba hakupita majini. Alipita juu ya ukingo, ule ukanda mwembamba wa udongo unaotenga jaruba na jaruba, wenye ndago, nyasi na mabua ya msimu uliopita. Ukingo mmoja ni kitu kidogo. Kingo zote za skimu moja, ukiziunganisha, ni eneo kubwa la nchi kavu lililosukwa ndani ya maji, nalo lina wakazi wake. Kitabu hiki kinawahusu hao: konokono wa nchi kavu wanaozaliwa, kula na kufa ndani ya mashamba ya mpunga, pamoja na majirani zao wa majini ambao hatuwezi kuwaacha nje.

Nimewaandikia kwanza wanafunzi wa biolojia na maafisa ugani, kwa sababu hao ndio wanaoulizwa maswali na wakulima, na mara nyingi hawana cha kujibu zaidi ya jina la dawa. Mkulima mwenye udadisi naye atakuta chake humu. Elimu ya konokono, malakolojia kwa jina lake la kitaaluma, ni miongoni mwa elimu chache za wanyama ambazo mtu anaweza kuzianza bila maabara na bila fedha za mradi. Konokono hakimbii, na akifa huacha gamba lenye sehemu kubwa ya habari zake. Ugumu uko kwingine. Wengi wao ni wadogo kuliko punje ya mchele, na maandishi yanayowaeleza yametapakaa katika lugha na karne tofauti. Eduard von Martens alichapisha Berlin, mwaka 1897, kitabu kizima juu ya moluska wenye magamba wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na ni lazima ujue Kijerumani ili kikufae. Henry Pilsbry aliwaeleza wa nchi kavu wa Kongo mwaka 1919, kwa Kiingereza. Kisha akaja Bernard Verdcourt, ambaye kazi yake ya mshahara ilikuwa mimea, kwanza Nairobi na baadaye Kew nchini Uingereza. Aliwafuatilia konokono wa Afrika Mashariki kwa miongo mingi, akatuachia orodha ambayo hadi leo ndiyo mlango wa kuingilia. Inafurahisha, na inasikitisha kidogo, kwamba mlango wetu ulijengwa na mtaalamu wa mimea katika muda wake wa ziada.

Nina dai moja ambalo msomaji atalikuta likijirudia hadi limchoshe. Ukitaka kujua jaruba lina konokono gani, usianze kwa kuuliza mbegu wala mbolea. Uliza maji hukaa kwa muda gani, na ukingo una umri gani.

Chukua Mwea, Kirinyaga. Skimu hiyo ilichimbwa katika miaka ya 1950 kwa nguvu za wafungwa wa kipindi cha Hali ya Hatari, na maji yake hutoka katika mito ya Thiba na Nyamindi inayoteremka kutoka Mlima Kenya. Mifereji yake mikubwa hukaa na maji kwa muda mrefu wa mwaka. Konokono anayependa maji ya namna hiyo, Biomphalaria pfeifferi, alijipatia makao humo, na kichocho cha tumbo kikafuata nyuma yake. Wa nchi kavu nao walipata fungu lao: kingo za mifereji mikubwa hazipiti jembe, zina nyasi karibu mwaka mzima, na baadhi zimekaa mahali pale pale kwa zaidi ya nusu karne. Konokono mdogo asiyeweza kusafiri zaidi ya mita chache kwa msimu anahitaji muda kama huo.

Nenda sasa Usukuma. Majaruba ya Shinyanga, Mwanza na Tabora hujazwa na mvua yenyewe na maji yanayotiririka kutoka kwenye miinuko. Mvua ikikatika, udongo wa mbuga hupasuka na ng'ombe huingizwa kula mabua. Biomphalaria hapati raha hapo. Anayeweza ni Bulinus nasutus, ambaye katika madimbwi ya msimu ya huko hujizika topeni na kusubiri mvua nyingine. Juu ya ukingo, konokono wa nchi kavu hufanya jambo linalofanana na hilo: huingia ndani ya gamba, hutandaza utando wa ute mdomoni, utando ukakauka, nao wakalala kiangazi chote. Lakini kwato za ng'ombe huponda kingo kila mwaka, na mkulima huzijenga upya kabla ya mvua. Ukingo wa Usukuma, hata uwe mahali pale pale tangu enzi za babu, kwa konokono ni mpya kila msimu. Usitarajie kukuta humo spishi zile zile za Mwea.

Kilombero ni habari nyingine kabisa. Uwanda wake wa mafuriko, ulioingizwa katika orodha ya ardhioevu ya Ramsar mwaka 2002, umelala chini ya safu ya Udzungwa, na sehemu kubwa ya mpunga wa huko hulimwa kwa kufuata mafuriko yanavyopanda na kushuka, pasipo majaruba. Kinachosimama badala ya ukingo ni kichuguu, mzizi wa mti, au kijia kilichoinuka kidogo. Wakati wa mafuriko mabua na takataka huelea, na juu yake hupanda kila kinachoogopa kuzama. Kwa konokono mwenye urefu wa milimita tatu, safari moja ya namna hiyo ni ndefu kuliko atakazotambaa maisha yake yote.

Kuna jambo la tatu, la chini zaidi kuliko maji na kingo, nalo ni chokaa. Gamba la konokono ni kalsiamu kaboneti, na mjenzi hawezi kujenga bila mali ghafi. Udongo wenye asidi huwapa magamba membamba na spishi chache. Udongo wenye chokaa huwapa vyote viwili kwa wingi. Mabonde ya mpunga ya Unguja, kama lile la Cheju, hayako mbali na uwanda wa mawe ya matumbawe, na hapo ndipo atakapokutana nawe Tropidophora, konokono wa nchi kavu mwenye kifuniko kigumu cha kuufunga mlango wake. Bara, kwenye udongo mzito wa mfinyanzi, utatembea sana kabla hujamwona. Chokaa hiyo haiishii kwa konokono. Uholanzi, katika misitu iliyoharibiwa na mvua ya asidi, konokono walipopungua ndege wadogo walianza kutaga mayai yenye maganda mepesi yanayovunjika, kwa sababu majike walikuwa wakila magamba ili kupata kalsiamu. Sioni kwa nini ndege wa majaruba wawe tofauti, na ningependa mwanafunzi mmoja aliyepo mahali fulani apime jambo hili.

Turudi kwenye kalenda. Siku ya kuvuruga tope, iwe kwa ng'ombe au kwa pawatila, ni siku ya maafa kwa konokono yeyote wa nchi kavu aliye ndani ya jaruba. Anayeokoka ni aliye ukingoni. Miche ikipandikizwa, maji yakitulia, maisha ya nchi kavu yote yamebanwa kwenye ukanda ule mwembamba, na hapo ndipo wanapokuwa wengi kwa kila hatua unayopiga. Maji yakitolewa kabla ya mavuno, konokono hushuka taratibu kuingia kwenye mashina, huko wakila majani yaliyooza, ukungu na mwani uliokauka. Baada ya mavuno ama mabua huachwa, wakaneemeka, ama huchomwa moto. Moto unaopita upesi juu ya majani makavu hauui aliyejizika. Moto wa mabua yaliyolundikwa juu ya ukingo huua kila kitu, pamoja na mayai, kwani wengi wao hutaga kwenye udongo wa juu kabisa. Mwaka mzima, basi, jaruba hujazwa na kumwagwa, na ukingo ndio akiba inayolirejeshea uhai. Anayepima anuwai ya konokono mara moja tu kwa mwaka amepima hatua moja ya mpunga. Akiitaja kuwa ni shamba zima, amewadanganya wasomaji wake pasipo kukusudia.

Historia ya elimu hii nayo ina mzizi wake ukingoni. Mwaka 1913, katika kisiwa cha Kyushu nchini Japani, Miyairi na Suzuki walithibitisha kwamba mnyoo wa kichocho cha Asia hupitia ndani ya konokono kabla ya kumwingia binadamu. Konokono huyo, Oncomelania, hana urefu wa kumwogopesha mtu, na ni vigumu kusema kama ni wa maji au wa nchi kavu: hutambaa kwenye tope la kando ya mifereji ya mpunga, hushuka, hupanda, na huishi kotekote. Mwingereza Robert Leiper alikwenda Mashariki ya Mbali mwaka 1914 kuchunguza habari hizo, na mwaka uliofuata alikuwa Misri akionyesha kwamba vichocho vya bonde la Nile navyo vina konokono wao, Bulinus na Biomphalaria. Tunachokijua leo kuhusu kichocho cha Mwanza, Pemba au Mwea kinatokana kwa sehemu kubwa na konokono wa kando ya mfereji wa Kijapani.

Namna Wajapani walivyommaliza ndiyo sehemu inayopaswa kutushughulisha. Dawa zilitumika, lakini kazi kubwa ilifanywa na saruji. Mifereji ilisakafiwa, tope la kando likatoweka, na Oncomelania akakosa pa kukaa. Mkoa wa Yamanashi ulitangaza mwisho wa ugonjwa mwaka 1996. Watoto walipona, na sina neno la kupinga hilo. Ila saruji haichagui. Kila kiumbe kilichohitaji ukingo wa udongo kiliondoka pamoja na yule mmoja aliyekusudiwa, na Oncomelania mwenyewe leo huko Japani amehesabiwa miongoni mwa viumbe vilivyo hatarini kutoweka. Skimu zetu nazo zinasakafia mifereji, kwa sababu nzuri ya kuzuia maji yasipotee. Mhandisi anayechora mfereji anaweza kuacha upande mmoja wa udongo juu ya usawa wa maji bila kupoteza tone, lakini hawezi kulifikiria hilo kama hakuna aliyemwambia kuna nini pale.

Sasa tukutane na wenyewe. Anza na macho. Konokono wengi wa nchi kavu wana pembe jozi mbili, na macho yako kwenye ncha za jozi ya juu. Ukizigusa huzivuta ndani. Konokono wa majini ana jozi moja, na macho yako chini, penye shina la pembe. Kisha tazama mlango: je, ana kifuniko kigumu kinachofuata mguu wake? Mwisho shika gamba, ncha juu, mdomo ukikuelekea, uone kama mdomo uko upande wa kulia au wa kushoto. Bulinus ni wa kushoto na hana kifuniko. Radix natalensis, anayebeba mnyoo wa ini wa ng'ombe, ni wa kulia na hana kifuniko. Lanistes ni mkubwa, huonekana wa kushoto, na ana kifuniko. Biomphalaria amejikunja bapa. Kwa vipimo hivi vitatu afisa ugani ataepuka makosa mengi, na atamwokoa mkulima asitumie dawa ya kichocho kwa konokono asiyehusika na kichocho hata kidogo.

Kila kanuni ina mkaidi wake. Tropidophora niliyemtaja anaishi nchi kavu lakini ana jozi moja ya pembe na macho penye shina, kwa kuwa ukoo wake ulitoka majini kwa njia nyingine, mbali na ile ya konokono wengi wa bustanini. Na kuna Succinea. Huyu hupenda majani yaliyolowa palepale maji yanapogusa ukingo. Gamba lake ni jembamba, la rangi ya asali, lenye mdomo mpana kuliko sehemu iliyobaki. Wengi humdhania kuwa Radix. Mhesabie pembe: ni nne. Succinea hana habari na mnyoo wa ini, ingawa anapanda jani lile lile ambalo mabuu ya mnyoo huo hujibandika yakimsubiri ng'ombe.

Juu kidogo ya hapo, kwenye takataka za majani, wapo wale ambao mtu hupita juu yao miaka na asiwaone. Subulina octona ana gamba refu jembamba, laini na lenye kung'aa, linalopitisha mwanga kiasi kwamba kwa aliyekomaa unaweza kuyahesabu mayai ndani yake akiwa hai. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, na leo yuko katika bustani na mashamba ya tropiki karibu kote. Ukimkuta peke yake bila wenzake wa asili, hiyo ni ishara ya ukingo uliosumbuliwa mno. Trochonanina mozambicensis ni wa kwetu, kahawia, mwenye ubavu mkali unaozunguka gamba lake. Laevicaulis alte ni koa, yaani hana gamba kabisa, bapa na mweusi mwenye mstari mwembamba uliofifia mgongoni. Mchana hujificha chini ya magunia na mabunda ya mabua, usiku hutoka kwenda kwenye mboga zilizopandwa ukingoni. Akinamama wanaopanda kunde na bamia juu ya kingo wanamfahamu kuliko mtafiti yeyote.

Halafu wapo wawindaji. Familia ya Streptaxidae, ambayo Afrika Mashariki ina utajiri wake mkubwa, haili majani. Inakula konokono wengine na minyoo. Gulella ana gamba la milimita chache tu, na mdomo wake umewekewa meno ya gamba yanayobana njia. Mwili ukitokeza nje mara nyingi ni wa manjano au wa rangi ya chungwa, rangi ambayo hukuitarajia kwenye kitu kidogo namna hiyo. Katika misitu ya Milima ya Tao la Mashariki, Udzungwa ikiwemo, spishi za ukoo huu ni nyingi na baadhi hazipatikani popote pengine duniani. Kutoka ukingo wa msitu huo hadi mpunga wa Mang'ula ni mwendo wa miguu. Ukimkuta Gulella kwenye ukingo wa shamba, tulia uangalie vizuri: uwepo wa mwindaji unamaanisha kwamba chini yake kuna mawindo ya kutosha na unyevu usiokatika, na kwamba ukingo huo umeachwa kwa amani kwa miaka.

Uhusiano wa Afrika Mashariki na konokono wa dunia ni wa pande mbili, na msomaji anapaswa kuusikia wote. Konokono mkubwa wa pwani yetu, Lissachatina fulica, ambaye kila mtoto wa Tanga au Mombasa amemwona akipanda ukuta baada ya mvua, ni mmoja wa viumbe wanaoogopwa zaidi na wakulima duniani. Mwaka 1847 William Benson aliwachukua wachache kutoka Mauritius na kuwaachia katika bustani moja Calcutta. Kutoka India walienea hadi Sri Lanka, Malaya na visiwa vya Pasifiki. Mwaka 1936 walikuwa wamefika Hawaii. Kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja, na hutaga mayai zaidi ya mia moja kwa mkupuo, basi wachache walitosha. Florida ilitangaza mwaka 2021 kwamba imemwangamiza baada ya vita ya miaka kumi. Mwaka 2022 akaonekana tena.

Ili kumdhibiti walimtafuta adui yake nyumbani kwake. Mwaka 1950 konokono mwindaji wa Kenya, aliyepewa jina la mji wa Kibwezi, Gonaxis kibweziensis, aliachiwa katika kisiwa cha Agiguan, Pasifiki, na baadaye Hawaii. Fulica hakumalizika. Baada yake aliletwa mwindaji mwingine, Euglandina rosea kutoka kusini-mashariki mwa Marekani, na huyo akafanya balaa: katika visiwa vya Polinesia ya Ufaransa, alikofikishwa katika miaka ya 1970, aliwala Partula, konokono wadogo wa miti ambao hawakuwa na kosa lolote, hadi spishi nyingi zao zikatoweka duniani. Fulica bado yupo. Sura ya sita inaeleza kisa hiki kwa urefu, kwa kuwa kila baada ya miaka michache hujitokeza mtu mwenye wazo jipya la kuleta mnyama wa kula mnyama.

Upande wa pili wa uhusiano huo ulifika Mwea mwaka 2020. Konokono tufaha wa dhahabu, Pomacea canaliculata, asili yake ni Amerika Kusini. Alipelekwa Taiwan kuelekea mwaka 1980 ili afugwe kwa chakula, soko likakosekana, akatoroka au akatupwa, na tangu hapo amekula miche michanga ya mpunga Ufilipino, Vietnam na kwingineko Asia. Ana shavu na pafu, kwa hiyo hupumua majini na nje. Jaruba likikauka hujizika na kusubiri kwa miezi. Mayai yake huyabandika juu ya usawa wa maji, kwenye mashina na kuta za mifereji, yakiwa na rangi ya waridi inayoonekana kutoka mbali. Rangi hiyo ndiyo ya kumfundisha kila mtu anayefanya kazi shambani, kwa sababu wenyeji wanaofanana naye, Pila na Lanistes, hawatagi mayai ya waridi. Tofauti hiyo ina thamani ya fedha. Mkulima anayewaua Pila na Lanistes kwa kuwadhania ni mgeni anamnyima chakula korongo mwenye mdomo usiofumba katikati, ndege aliyeumbiwa kula konokono wa namna hiyo hasa, na anabaki na mgeni asiye na mshindani. Pomacea na Lissachatina wote wawili wamo katika orodha ya viumbe vamizi mia moja vibaya zaidi duniani. Mmoja tulimpokea, mwingine alitoka kwetu.

Suala la dawa litamkera msomaji wa upande wowote atakaokuwa. Niklosamidi, dawa inayotumika zaidi dhidi ya konokono wa kichocho, ikitumika kwa kipimo na mahali palipochaguliwa ina kazi yake. Zanzibar imeitumia katika juhudi za kutokomeza kichocho cha mkojo. Ikimwagwa kila mahali kwa hofu, huua samaki na viluwiluwi vya chura. Na wapo wanaokula konokono bila kulipwa: mabuu ya kimulimuli, ambayo humng'ata konokono na kumlegeza kabla ya kumla, mabuu ya nzi fulani wa kinamasi, dudumizi anayepita chini ya vichaka, bata. Hawa nao wanahitaji ukingo wenye majani. Dawa ya magugu inayonyunyiziwa kingoni hadi zikabaki udongo mtupu hufukuza wawindaji kabla haijamgusa anayewindwa. Kilimo shadidi, kinachomwagilia na kukausha kwa zamu, huwasumbua konokono wanaotaka maji ya kudumu, na kwa hilo nakipenda. Lakini Bulinus na Pomacea wanaojua kujizika hawatatishwa na wiki moja ya ukame, na anayewaahidi wakulima vingine anawapa matumaini ya bure.

Kwa anayetaka kuanza, vifaa ni vichache. Utahitaji chekeche mbili au tatu zilizopangwa, ya chini kabisa yenye matundu ya nusu milimita, mfuko wa nguo, kioo cha kukuzia, na viatu vya mpira, kwa kuwa mabuu ya kichocho hayaulizi kama wewe ni mtafiti. Tembea ukingo kwa muda uliojipangia, ukiinua mabua na mawe. Kisha chukua lita chache za takataka na udongo wa juu, uzikaushe, uzichekeche, na upekue kilichobaki polepole juu ya karatasi nyeupe. Njia ya kwanza hukupa wakubwa. Ya pili hukupa wadogo, ambao kwa idadi ya spishi ndio wengi. Watenge waliokuwa hai na magamba matupu, kwa maana gamba tupu linaweza kuwa la msimu uliopita, au limeletwa na maji kutoka shamba jingine. Konokono hai anayehitajika kwa uchunguzi wa mwili mzamishe usiku kucha ndani ya chupa iliyojaa maji na kufungwa, ili afe akiwa amejinyoosha, halafu mtie kwenye spiriti. Ukimtia kwenye spiriti moja kwa moja atajikunja ndani na hutaona kitu. Usimwonje yeyote akiwa mbichi, kwani baadhi hubeba mnyoo wa panya unaoweza kufika ubongoni mwa mtu. Ukifanya kazi kwa ajili ya utafiti, kibali ni cha COSTECH kwa Tanzania na NACOSTI kwa Kenya, na ruhusa ya mwenye shamba huombwa kabla ya vyote viwili.

Hifadhi sampuli mahali ambapo mwingine atazipata, iwe ni makumbusho au kabati la idara yenye mtu wa kulitunza. Makabati mengi ya shule yana magamba mazuri yasiyofaa kitu, kwa kuwa karatasi iliyomo ndani yake inasema tu jina la wilaya na mwaka. Kwa kazi yetu lebo iseme pia kama ulikuwa juu ya ukingo, kwenye ukuta wa mfereji au ndani ya jaruba. Maji yalikuwepo au yametolewa. Mpunga ulikuwa kwenye kitalu, umechanua, au ni mabua. Na mwenye shamba anakumbuka ukingo huo ulijengwa lini. Iandike kwa penseli. Wino huyeyuka ndani ya spiriti.